Titani Haina Mavi ya Chuma

Kidonge cha kwanza cha titani nilichoyeyusha kilitoka tanurini kiking'aa kama sarafu mpya. Kilikuwa na gramu 50 hivi, mgongo wa mviringo, tumbo bapa pale kilipolalia sahani ya shaba. Nilikizungusha kiganjani, wenzangu wakakipiga picha. Alasiri mkuu wa maabara yetu, mama ambaye sote tunamwita Mwalimu kwa sababu amewafundisha nusu yetu, alikiweka juu ya fuawe akanikabidhi nyundo. Pigo la kwanza lilitoa mlio mkavu. La pili likakipasua vipande vitatu, na uso wa ndani ukameremeta kama chumvi ya mawe.

Titani ni metali nyepesi na imara, na iliyo nzuri haivunjiki hivyo. Ukiipiga inabonyea, inatanuka pembeni, inakuchosha mkono. Hiki kilikuwa kizuri kwa sura na kibovu kwa ndani, na mimi mwenye miaka mingi ya tanuri mgongoni sikujua nimekosea wapi. Niliumia sana siku ile.

Nilikulia Walukuba, Jinja, Uganda, mtaa wa wafanyakazi ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha uani. Baba alikuwa kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba. Makinikia yalitoka Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, yakisafiri kwa reli iliyofika Kasese mwaka 1956, na yaliletwa Jinja kwa sababu hapo palikuwa na umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954. Kiwanda kilipozimwa mimi nilikuwa mtoto, lakini maneno ya Baba yalibaki nyumbani. Alikuwa akisema kila chuma kina mavi yake, na kazi ya fundi ni kuyatenga.

Nami nikaishi kwa neno hilo. Miaka kumi na mmoja nilikaa mbele ya tanuri la kiwanda cha nondo hapo hapo Jinja. Chuma chakavu kinaingia na kutu yake yote: milango ya magari, mabati, vitanda vya shule. Kutu ni oksijeni. Chuma kikiyeyuka kinachemka na kuchachatika, na ukikimimina katika hali hiyo kinaganda na matundu ndani kama mkate. Kwa hiyo tunatupia ferosilikoni na feromanganizi, na mwishoni vipande vya alumini. Oksijeni inakiacha chuma, inashikana na silikoni na alumini, inaelea juu. Chuma kinatulia, sisi tulisema kimelala. Unayakwangua mavi ya chuma kwa fito ndefu, kisha unamimina. Kazi ya jasho, lakini unaona kwa macho yako uchafu ukiondoka.

Kampala nilikuja kuwa fundi wa maabara. Kulikuwa na tanuri dogo la tao la umeme: chumba cha chuma kinachofungwa, pampu ya ombwe ya kunyonya hewa, chupa ya agoni (gesi isiyoshikana na chochote), elektrodi ya tungsteni inayoshuka kutoka juu, na chini sahani ya shaba yenye maji yanayozunguka tumboni mwake. Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085 za Selsiasi na titani kwa 1,668, lakini maji yanaipoza shaba haraka kiasi kwamba titani inayoigusa inaganda na kujitandikia mkeka wake yenyewe. Hakuna chungu cha kawaida kinachoweza kazi hiyo. Vyungu vya udongo wa tanuri ni oksaidi, yaani metali zilizoshikana na oksijeni, na titani iliyoyeyuka inazinyang'anya oksijeni yao. Grafiti inaipa kaboni. Tangu hapo ningepaswa kuelewa ninashughulika na chuma cha tabia gani.

Kazi yetu ilikuwa maranda. Fito ya aloi ya titani ilikuwa imeagizwa kutoka nje kwa utafiti wa vibati vya kuungia mifupa, na karakana moja mjini ikaikereza. Sehemu kubwa ya fito iliishia sakafuni, nyuzi zilizojikunja kama nywele. Titani haipatikani dukani Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala. Kuyatupa maranda yale kulituuma, ikaamuliwa tuyayeyushe upya.

Baada ya kile kidonge kuvunjika Mwalimu aliniuliza, "Oksijeni iliingia lini?" Nikamjibu, wakati wa kuyeyusha, pengine tanuri linavuja. Akatikisa kichwa. Tanuri lingevuja, uso wa kidonge ungepata rangi: kwanza manjano ya nyasi kavu, kisha buluu, kisha kijivu, na mambo yakiharibika kabisa, unga mweupe. Mafundi wanaochomelea titani wanazisoma rangi hizo kama sisi tunavyosoma ndizi sokoni. Uso wa kidonge changu ulikuwa fedha tupu. Oksijeni ilikuwa imekwisha kuingia kabla sijawasha chochote.

Kila kipande cha titani kimevaa ngozi ya oksaidi yenye unene wa nanomita chache, na hiyo ndiyo inayokikinga kisiliwe. Kwenye fito nene ngozi hiyo si kitu. Maranda yana uso mkubwa mno kwa uzito wake, na yale yaliyopata joto kwenye mashine ya kukereza yalikuwa yamegeuka kahawia na buluu, maana yake ngozi yao ilikuwa imenenepa. Juu yake kulikuwa na mafuta ya kupozea. Vyote hivyo nilivifungia tanurini nikidhani moto utavitenganisha. Lakini titani ikipata joto ngozi yake haibanduki ikaelea. Inamezwa. Titani ngumu inaweza kumeza oksijeni hadi karibu asilimia 14 ya uzito wake, kimya kimya, bila povu wala moshi. Atomi za oksijeni zinajibanza kwenye nafasi zilizo kati ya atomi za titani, na tabaka za chuma zikisukumwa ziteleze zinakwama, kama mlango wenye kokoto kwenye bawaba.

Ikiwa kidogo, hiyo ni faida. Titani isiyochanganywa ya daraja la 1 inaruhusiwa oksijeni hadi asilimia 0.18, ya daraja la 4 hadi 0.40, na nguvu ya ziada ya daraja la 4 inatokana kwa sehemu kubwa na oksijeni hiyo. Aloi yetu, yenye alumini asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4, kikomo chake ni 0.20. Ile aina yake safi zaidi, inayopendwa kwa vipandikizi vya mwilini, ni 0.13. Sisi tulikuwa tunafikiria mfupa wa mtu, kwa hiyo 0.13 ndiyo namba iliyokuwa ubaoni.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa, na nililifanya kwa kujiamini. Nikasema, dawa naijua: alumini. Nilikata gramu moja na nusu ya alumini safi nikaiweka pamoja na gramu 50 za maranda. Kidonge kilichotoka kilivunjika kwa pigo moja.

Mwalimu hakunigombeza. Alichukua karatasi akaandika hesabu. Aloi ilikuwa na gramu 3 za alumini tayari. Nimeongeza moja na nusu, sasa alumini ni karibu asilimia 9, na ikipita 8 hivi titani na alumini huanza kuunda kiungo chao kigumu kinachovunjika. Kisha akaniuliza kitu ambacho bado nakirudia mbele ya vijana wanaokuja kujifunza: "Aloi hii ina alumini mara thelathini ya oksijeni yake. Kama alumini ingekuwa na uwezo wa kuitoa, ingengoja wewe?"

Nilibisha. Ukutani palikuwa na mchoro wa Ellingham, ule wa mistari inayoonyesha ni metali ipi inashika oksijeni kwa nguvu zaidi, uliopewa jina la Harold Ellingham aliyeutoa mwaka 1944. Nikaonyesha kwa kidole: mstari wa alumini uko chini ya wa titani, kwa hiyo alumini inashinda. Akasema mchoro ni wa kweli, ila mimi nausoma kwa jambo usilolisema. Mstari ule unazungumzia oksaidi kamili ya titani, ule unga mweupe. Oksijeni kidogo iliyoyeyukia ndani ya titani inashikwa kwa nguvu kubwa zaidi kuliko ile iliyo kwenye unga, na kadiri inavyopungua ndivyo inavyoshikwa zaidi. Kwa maneno mengine, oksijeni ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kuitoa. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Lilipindua kila nilichokijua Jinja.

Ombwe nalo halisaidii. Watu wengi wanaamini linasaidia, kwa sababu viwandani titani huyeyushwa ndani ya ombwe, mara mbili au tatu. Ombwe linafukuza haidrojeni, na mabaki ya magnesiamu na kloridi yanayotoka kwenye sifongo ya titani, yaani titani ghafi yenye matundu, inayotengenezwa kwa njia ya William Kroll ya kutumia magnesiamu kuitoa titani kwenye kloridi yake. Pia linazuia hewa mpya isiingie. Oksijeni iliyokwisha kumezwa halina nguvu ya kuivuta. Kwenye chuma cha nondo kaboni ingeibeba ikatoka nayo kama gesi. Titani inaikamata kaboni pia.

Je, hakuna kabisa kinachoweza kuitoa? Kipo. Kalsiamu inaishika oksijeni kwa nguvu kupita titani. Shida yake ni kwamba inachemka kwa nyuzi 1,484, kabla titani haijayeyuka. Tulijaribu kipande kidogo mara moja tu. Kiliruka mvuke, kikapaka dirisha la tanuri ukungu wa kijivu, nikatumia siku mbili kulisafisha. Wajapani walipita njia nyingine: Toru Okabe na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliisafisha titani ikiwa bado ngumu, kwenye joto la nyuzi 1,000 hivi, kwa kalsiamu na chumvi ya kloridi ya kalsiamu iliyoyeyuka. Oksijeni inasafiri taratibu hadi kwenye uso, kalsiamu inaipokea, chumvi inaichukua, kisha unaosha kwa asidi. Metali ya itriamu na ndugu zake pia wana nguvu hiyo, ila oksaidi yao isipotoka inabaki ndani ya chuma kama punje. Na kuna wanaochanganya haidrojeni kwenye agoni ili tao la umeme liivunje kuwa atomi, nazo zibebe oksijeni kutoka kwenye uso wa titani iliyoyeyuka. Hiyo nilimwambia Mwalimu sitaigusa. Haidrojeni ndani ya chumba kilichofungwa, mahali ambapo umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, hapana. Alikubali mara moja.

Tulibaki na njia moja: kuizuia isiingie. Na hapo kazi ikawa ya mikono kuliko ya moto.

Tulianza na hesabu, kwa sababu bila hesabu mtu hawezi kuamini udogo wa kitu tunachokizungumzia. Kidonge cha gramu 50 chenye kikomo cha 0.20 kinaruhusiwa gramu 0.1 ya oksijeni. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kidogo, lakini hata hivyo chupa tupu ya maji ya nusu lita ina oksijeni kama gramu 0.12. Chupa moja ya hewa inatosha kukiharibu kidonge. Kama maranda yenyewe yana 0.15 tayari, umebakiwa na hewa ya kikombe kidogo cha kahawa. Nilimwekea kila mfanyakazi kikombe hicho mezani kwake, akitazame.

Maranda tukayachambua kwa mkono. Dada mmoja mwanafunzi alikaa dirishani siku nne, kama mtu anayechagua mchele, ya fedha huku, ya kahawia na buluu kule. Ya fedha yalioshwa kwa maji ya moto na sabuni, yakasuuzwa mara nyingi, yakapitishwa kwenye asetoni, yakaanikwa kwenye oveni isiyozidi nyuzi 100. Vumbi laini tuliliacha kabisa. Linashika moto, na moto wa titani haupigwi maji; ndoo ya mchanga mkavu ilikaa mlangoni muda wote. Viwandani wangeichuna ngozi ya oksaidi kwa asidi ya nitriki na ya haidrofloriki. Sisi tulikataa ile ya pili. Inapenya ngozi ya mtu hadi kwenye mfupa, na hatukuwa na mahali salama pa kuitumia. Sijutii, ingawa tulipoteza maranda ambayo yangeokoka.

Kisha tanuri lenyewe. Tulilifunga, tukavuta ombwe, tukazima pampu na kutazama geji. Sindano ilipanda polepole, kwa hiyo palikuwa na uvujaji. Nilichukua brashi ya rangi nikaichovya kwenye spiriti, nikapaka kiungo kimoja baada ya kingine. Penye tundu, spiriti inanyonywa na sindano inashtuka. Ilishtuka kwenye mlango. Nilifungua, nikapitisha kidole juu ya mpira wa kuzuia hewa, nikakuta uzi mmoja wa pamba, pengine wa koti langu mwenyewe. Uzi mmoja! Tangu siku hiyo mpira ule unafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na anayeufuta ndiye anayefunga. Bomba la mpira lililoleta agoni tulilibadilisha tukaweka la chuma, kwa sababu la mpira linapitisha unyevu, na unyevu ni oksijeni na haidrojeni kwa pamoja.

Tunavuta ombwe, tunajaza agoni, tunavuta tena, mara tatu. Halafu inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote. Pembeni ya sahani tunaweka kipande cha titani kisicho na kazi nyingine. Tunakiyeyusha hicho kwanza, dakika moja au mbili, kabla ya kugusa kidonge chenyewe. Tunakiita mwonjaji. Kinakula oksijeni yoyote iliyobaki kwenye agoni, na kikiganda tunachungulia uso wake dirishani. Uking'aa, tunaendelea. Ukipata hata kivuli cha manjano, tunazima na kuanza upya. Ile tabia iliyonivunjia kidonge cha kwanza, ulafi wake wa oksijeni, hapo inatufanyia kazi.

Siku moja umeme ulikatika tao likiwa limewaka. Tao likazimika, hilo si tatizo. Tatizo ni pampu ya maji. Titani ya moto juu ya shaba isiyopozwa ikitoboa sahani na kukutana na maji, chumba kilichofungwa kinageuka bomu. Jenereta ilichukua karibu nusu dakika kuwaka. Tulichokuwa nacho ni tangi juu ya paa, ambalo nilikuwa nimeliunga mwezi mmoja kabla kwa bomba na vali inayojifungua shinikizo likishuka. Maji yalishuka yenyewe kwa uzito wake. Nilisimama nikiyasikiliza yakipita, nikashukuru.

Hata hivyo maranda yetu safi kabisa bado yalizidi kikomo. Ilibidi tuyakubali jinsi yalivyo na kuyachanganya. Gramu 30 za maranda yenye 0.30 zinabeba gramu 0.09 za oksijeni. Gramu 70 za malighafi mpya yenye 0.06 zinabeba 0.042. Jumla 0.132 katika gramu 100, karibu kabisa na namba iliyokuwa ubaoni. Malighafi hiyo ni sifongo ya titani, pamoja na alumini na vanadiamu za kurudisha uwiano wa aloi. Mwanzoni niliona ni kushindwa, kama mtu anayezidisha maji kwenye mchuzi wenye chumvi nyingi. Baadaye niliambiwa kwamba viwanda vikubwa navyo hupima chakavu kwa kiasi kile kile cha uangalifu na kukichanganya na sifongo. Kila kidonge tulikigeuza na kukiyeyusha tena mara tano ili mchanganyiko ulingane.

Mashine ya kupima oksijeni hatukuwa nayo. Ni ile inayoyeyusha kipande ndani ya chungu cha grafiti hadi oksijeni itoke ikiwa imeshikana na kaboni, kisha inaihesabu kwa mwanga wa infraredi. Tulituma vipande nje ya nchi tukangoja. Wakati huo tulitumia ugumu kama kipimo cha jirani: kila kundi lilipimwa kwa kipimo cha Vickers, na vidonge vilivyopita sana 350, ambako aloi hii hukaa kwa kawaida, vilitiliwa shaka. Majibu yaliporudi, kile kilichovunjika kilikuwa kimepita kikomo cha 0.20 zaidi ya mara mbili. Kile cha mchanganyiko kilikuwa chini ya kikomo hicho, ingawa hakikushuka hadi 0.13. Bado tunaitafuta oksijeni hiyo ya ziada, na nadhani iko kwenye agoni.

Mwezi uliopita nilikwenda Walukuba na kidonge kimoja kizuri mfukoni. Baba sasa anaona kwa taabu. Alikipima kwa mkono, akashangaa wepesi wake, akakigeuza na kukigeuza akipapasa kwa kidole gumba.

"Mavi yake mmeyaweka wapi?"

Nilikuwa nimebeba mfuko wa yale maranda ya kahawia na buluu, nikaumwaga mbele yake juu ya gazeti. "Haya hapa, Baba. Tuliyatoa kabla ya kuwasha moto."

Aliomba miwani yake. Alivuta kigoda hadi mlangoni kwenye mwanga, akainama, akaanza kuchambua. Baada ya muda mrefu alinyanyua uzi mmoja uliojikunja, akaufuta kwa kanzu yake, akanipa. Ulikuwa fedha tupu. "Huu ni mzima," akasema. "Mliutupa bure."